Kula kwa Raha na Afya ya Akili: Mwongozo Kamili kwa Watu Wazima

Mtu mzima hali kwa sababu ya njaa peke yake. Hula kwa sababu saa ya mlo imefika, kwa sababu wenzake wanakula, kwa sababu harufu imemvuta, kwa sababu siku imemchosha, na mara nyingi kwa sababu chakula ni kitamu, basi. Sababu hii ya mwisho ndiyo inayoshukiwa kuliko zote: huonekana kuwa udhaifu, na anayekiri kwamba amekula kwa raha huharakisha kuongeza kwamba kesho atajirekebisha. Mwongozo huu una msimamo tofauti. Raha ya kula ni sehemu ya afya ya akili, na kinachodhuru kwa kawaida si raha yenyewe bali mambo yanayoandamana nayo, yaani kujinyima kupita kiasi, kula bila kuangalia unachokula, kujilaumu baada ya kula, na kukifanya chakula kuwa faraja pekee uliyo nayo.

Hatua zinazofuata zina mpangilio wake, na haifai kuruka, kwa kuwa ya tatu haimsaidii mtu ambaye hajaitimiza ya pili. Zinawahusu watu wazima wenye afya ya kawaida. Mwenye kisukari, ugonjwa wa figo, mzio wa vyakula au historia ya matatizo ya ulaji azitumie chini ya uangalizi wa mtaalamu, na mwenye dalili zilizoelezwa katika hatua ya mwisho aanze na hiyo.

Kabla ya kuanza: hamu na utamu si kitu kimoja

Mwili una utaratibu wake wa kudai chakula. Tumbo tupu hutoa ghrelini, homoni inayoamsha njaa, ambayo iligunduliwa na watafiti wa Kijapani Masayasu Kojima na Kenji Kangawa mwaka 1999. Mafuta ya mwilini nayo hutoa leptini, iliyotambuliwa mwaka 1994 katika maabara ya Jeffrey Friedman mjini New York, ambayo huujulisha ubongo kwamba akiba ipo. Taarifa hizi hukutana katika sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi, na kama ni hizo tu zingetawala ulaji, hakuna ambaye angegusa kitu kitamu akiwa ameshiba. Watu hugusa, kwa sababu ubongo una njia nyingine ya kuthamini chakula, isiyongoja tumbo liseme.

Kent Berridge wa Chuo Kikuu cha Michigan ametumia miaka mingi kuonyesha kwamba njia hiyo ina sehemu mbili zinazoweza kutengana. Moja ni hamu, yaani msukumo wa kukitafuta chakula, na hiyo hutegemea sana dopamini, kemikali ya ubongo. Nyingine ni utamu unaohisiwa chakula kikiwa mdomoni, na huo huhusiana zaidi na kemikali za ubongo za jamii ya opioidi na endokanabinoidi. Panya aliyeharibiwa mfumo wa dopamini hakitafuti chakula hata kikiwa mbele yake, lakini akidondoshewa maji ya sukari mdomoni hujilamba midomo kama panya mwingine yeyote. Utamu upo, hamu ndiyo iliyokufa.

Hali iliyo kinyume na hiyo ndiyo inayowasumbua binadamu wengi: hamu kubwa, utamu mdogo. Msongo wa mawazo unaweza kuichochea hamu bila kuongeza chochote katika utamu, na ndipo mtu anapomaliza pakiti nzima ya kitu akiwa ameacha kukifurahia tangu vipande vya mwanzo. Tofauti hii ishikwe vizuri, maana mwongozo wote umejengwa juu yake. Anayesema "napenda mno kula" huenda anaeleza hamu, na akichunguza ataona kwamba raha anayoipata ni kidogo kuliko anavyodhani. Kazi iliyopo basi si kuipunguza raha. Ni kuiongeza mpaka ilingane na hamu.

Kuna dai moja linalosambazwa sana ambalo ni vizuri likaondolewa njiani mapema. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya serotonini ya mwili, kemikali inayohusishwa na hali ya moyo, takriban asilimia 90 au zaidi, hutengenezwa katika utumbo. Hata hivyo serotonini hiyo haivuki kizuizi kilicho kati ya damu na ubongo, kwa hiyo kuitumia kama uthibitisho kwamba chakula fulani "kinatengeneza furaha" tumboni na kuipeleka kichwani ni kuruka hatua nyingi.

Hatua ya kwanza: angalia kwa wiki moja bila kubadili kitu

Chukua daftari dogo na uandike kila unapokula, mlo au kitafunio. Usiandike kalori wala uzito wa chakula, kwa sababu namba hizo hugeuza uchunguzi kuwa hukumu na utaanza kula ili daftari lipendeze. Andika ulikuwa na njaa kiasi gani kwa kipimo cha 0 hadi 10. Nini kilikufanya ule wakati huo. Kilikuwa kitamu kiasi gani mwanzoni na kiasi gani mwishoni. Na hali yako ya moyo ilikuwaje nusu saa baadaye.

Safu ya utamu ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote, ingawa ndiyo watu wanayoiona ya kipuuzi. Mwisho wa wiki isome peke yake. Kwa kawaida vyakula vitatokea katika makundi ambayo hukuyatarajia: kipo kitu unachokila kila siku ambacho hukukipa zaidi ya 4, na kipo kingine ulichokipa 9 lakini umekila mara moja tu, tena kwa haraka. Ulaji wa kwanza unaendeshwa na mazoea, na kuuacha hakutakugharimu raha yoyote. Ulaji wa pili unastahili nafasi kubwa zaidi. Safu ya hali ya moyo nayo itakuonyesha kama unyonge unaoupata baada ya kula unafuata chakula fulani, au unafuata namna fulani ya kula, kwa mfano kula ukiwa umesimama, kwa kujificha, au baada ya kukaa na njaa kutwa nzima.

Hatua ya pili: shibisha mwili kwanza

Mwenye njaa kali hawezi kutofautisha hamu na utamu. Ushahidi ulio wazi zaidi ulipatikana katika Chuo Kikuu cha Minnesota kati ya mwaka 1944 na 1945, pale Ancel Keys alipowapunguzia chakula vijana 36 wenye afya njema, waliojitolea, kwa wiki 24, ili ijulikane namna ya kuwarudishia afya watu walioathiriwa na njaa ya vita. Vijana hao walipoteza karibu robo ya uzito wao, lakini yaliyotokea akilini mwao yalishangaza zaidi. Walikuwa wakali, wazito wa moyo, wakajitenga na wenzao. Mazungumzo yao yaligeuka kuwa ya chakula tu; baadhi yao walianza kusoma vitabu vya mapishi kwa saa nyingi, na sahani zililambwa mpaka zikang'aa. Waliporuhusiwa kula tena, baadhi walikula kwa wingi usio wa kawaida na bado wakajihisi hawajashiba.

Mtu anayeruka kifungua kinywa na mlo wa mchana ili "kujidhibiti", kisha akajikuta saa tatu usiku mbele ya jokofu lililo wazi akila kwa mikono kile kilicho karibu, hana tabia mbaya. Anapitia kwa udogo waliyoyapitia vijana wale. Kumwambia awe na nia thabiti ni kumwonea. Anachohitaji ni mlo, na mapema.

Kwa wiki mbili, kula kwa vipindi visivyopishana sana, takriban kila baada ya saa tatu hadi tano ukiwa macho, hata kama asubuhi hujisikii kula sana. Kila mlo mkubwa uwe na kitu cha wanga, kitu chenye protini, mboga au tunda, na mafuta kiasi, kwa sababu mlo uliopunguzwa kila kitu hautulizi njaa hadi mlo unaofuata. Linda na usingizi. Usiku wa kulala saa chache hupandisha njaa ya siku inayofuata na kuvifanya vyakula vyenye sukari na mafuta vivutie zaidi, na mara nyingi mtu hudhani ameshindwa kujizuia kumbe amekosa usingizi tu.

Hatua ya tatu: ondoa marufuku, kimoja kimoja

Mwaka 1975 Peter Herman na Deborah Mack walichapisha jaribio ambalo limerudiwa kwa sura nyingi tangu wakati huo. Waliwapa watu kinywaji kizito cha maziwa na sukari, kisha wakawaomba waonje aiskrimu kadiri wapendavyo. Watu wasio na desturi ya kujinyima walikula aiskrimu kidogo baada ya kinywaji, kama inavyotarajiwa kwa aliyeshiba. Waliokuwa wakijinyima walifanya kinyume: waliokunywa kinywaji walikula aiskrimu nyingi kuliko ambao hawakupewa. Sheria yao ilikuwa imeshavunjika, na siku iliyokwisha kuharibika haina cha kulindwa.

Kujilaumu hakusaidii pia. Roeline Kuijer na Jessica Boyce wa New Zealand walieleza katika utafiti wa mwaka 2014 kwamba watu ambao keki ya chokoleti huwaletea wazo la hatia hawakuwa na nia bora ya kula vizuri kuliko wale ambao huwaletea wazo la sherehe. Walichokuwa nacho zaidi ni hisia kwamba hawauwezi ulaji wao. Kwa maoni yangu huu ndio ufa mkubwa katika mawaidha mengi ya lishe: yanadhani hatia ni breki, kumbe mara nyingi ni kanyagio la mafuta.

Namna ya kuondoa marufuku ni hii. Andika vyakula unavyojikataza, ukiacha vile ambavyo daktari amekukataza au ambavyo dini na dhamiri yako havikuruhusu, kwani hivyo si sehemu ya zoezi hili. Chagua kimoja, kile kinachokutisha kidogo kuliko vingine. Kipange kwa siku maalumu, baada ya mlo na si badala yake, ili usikutane nacho ukiwa na njaa. Kiweke kwenye sahani, keti, kila mpaka utosheke, na siku inayofuata usipunguze chakula chochote kwa kulipiza. Sharti hili la mwisho ndilo linalovunjwa zaidi, na ukilivunja zoezi zima hupoteza maana, kwa kuwa ubongo hujifunza kwamba ruhusa ilikuwa ya uongo. Rudia chakula hichohicho mara kadhaa kabla ya kuhamia kingine. Mara za kwanza unaweza kula zaidi ya ulivyotaka, na hilo lisikuogopeshe. Chakula kinachojulikana kwamba kesho kitakuwepo hupungua nguvu zake taratibu.

Hatua ya nne: jifunze kuusikia utamu

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na inafaa kuifanya polepole. Tangu Jon Kabat-Zinn alipoanzisha programu yake ya utulivu wa akili katika Chuo Kikuu cha Massachusetts mwaka 1979, maelfu ya watu wamefundishwa kula zabibu kavu moja kwa dakika kadhaa. Zabibu inafaa, ila kwa kusudi la raha mimi napendekeza kipande kimoja cha chokoleti, kwa sababu ya sifa yake moja: mafuta ya kakao hubaki magumu katika joto la kawaida la chumba na kuyeyuka katika joto lililo chini kidogo ya lile la mwili, kwa hiyo mdomo wenyewe ndio unaokipika.

Zima simu na uketi. Kivunje kipande na usikilize mlio wake. Chokoleti iliyotengenezwa vizuri huvunjika kwa sauti kavu. Kinuse kabla ya kukitia mdomoni. Kiweke juu ya ulimi, usikitafune, ukisukume taratibu kwenye kaakaa. Sekunde za kwanza hutasikia mengi zaidi ya ugumu na ubaridi kidogo. Kisha kingo hulegea, uchungu hutangulia, sukari hufuata, na unapopumua nje kwa pua, sehemu kubwa ya unachokiita ladha hufika, maana harufu hupanda kutoka nyuma ya koo kwenda puani. Ukitaka kuthibitisha, bana pua katikati ya zoezi: utabaki na utamu na uchungu mtupu, na ukiiachia ladha yote hurudi kwa mkupuo. Sasa chukua kipande cha pili, cha tatu na cha nne kwa namna hiyohiyo, ukikipa kila kimoja namba.

Kwa watu wengi namba zitashuka, na kuna sababu. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 Barbara Rolls na Edmund Rolls, wakifanya kazi Oxford, walionyesha kwamba kadiri mtu anavyokila chakula kimoja ndivyo chakula hicho kinavyopungua kupendeza, huku vyakula vingine ambavyo hajavila vikibaki na mvuto wake. Kushuka huko ndiko ishara ya asili ya kuacha, inayotangulia hata ile ya tumbo, ambayo huchelewa kwa dakika kadhaa. Anayekula akiangalia skrini huikosa. Anayeiona huacha bila kujilazimisha, kwa kuwa kinachobaki mezani hakimpi tena alichokuwa akikitafuta.

Si lazima kila mlo uliwe hivi, ingekuwa adhabu. Inatosha kwamba katika kila mlo matonge matatu ya kwanza uyape akili yako yote, na katikati ya mlo usite mara moja na kuuliza kama bado ni kitamu.

Hatua ya tano: kipe chakula cha faraja wajibu wake wa kweli

Mwaka 2014 Heather Wagner, Traci Mann na wenzao wa Chuo Kikuu cha Minnesota waliwaonyesha watu filamu za kuhuzunisha, kisha baadhi wakapewa chakula walichokuwa wamekitaja kuwa ndicho huwafariji, wengine chakula kingine wanachokipenda, wengine kitafunio cha kawaida, na wengine hawakupewa kitu. Hali ya moyo ilipanda katika makundi yote kwa kiasi kinachofanana. Huzuni ndogo huisha yenyewe, na chakula kilichokuwa mkononi wakati ikiisha ndicho kinachopewa shukrani.

Matokeo hayo hayasemi kwamba ni kosa kula ukiwa na huzuni. Yanasema tu kwamba usitegemee zaidi ya kinachowezekana. Hamu ikikujia bila njaa, itaje kwanza hisia iliyo nyuma yake, kwa sauti ikibidi: nimechoka, nimeudhika, nina upweke, sina la kufanya. Ngoja dakika kumi ukifanya kitu kinachoielekea hisia hiyo hasa. Uchovu unataka kulala au kunyoosha mwili, upweke unataka sauti ya mtu, hasira inataka kutembea au kuandika, na uchovu wa kukosa shughuli unataka shughuli ya mikono. Dakika kumi zikipita na bado unataka kula, kula, lakini mezani, kwa sahani na kwa makini, kama ulivyofanya katika hatua ya nne. Faraja iliyoliwa kwa macho wazi angalau ina utamu.

Hatua ya sita: kula na watu

Watu hula zaidi wakiwa na marafiki au jamaa kuliko wakiwa peke yao, na tafiti nyingi zimeliona jambo hilo. Wenye hofu ya uzito hulichukulia kuwa sababu ya kukwepa mialiko, uamuzi ambao kwa afya ya akili una hasara kuliko faida. Panga walau mlo mmoja kwa wiki pamoja na mtu unayestarehe naye, na mkubaliane kwamba miili na uzito havitazungumzwa mezani. Wa kuishi peke yake anaweza kula huku akizungumza na mtu kwa simu. Hapo tu skrini inaruhusiwa.

Hatua ya saba: utambue raha inapotoweka na udhibiti unapopotea

Kupoteza raha katika mambo yaliyokuwa yakikufurahisha ni mojawapo ya dalili kuu mbili za sonona, nyingine ikiwa huzuni ya kudumu. Chakula kikigeuka kuwa kama karatasi mdomoni, hamu ikipungua au kuongezeka waziwazi, na hali hiyo ikadumu siku nyingi kwa wiki mbili au zaidi pamoja na usingizi mbaya, uchovu au kujiona hufai, nenda kwa mtaalamu wa afya. Kabla ya hapo jiulize pia kuhusu pua, kwani mafua makali na UVIKO-19 vinaweza kuondoa harufu kwa muda mrefu na raha ya kula ikaondoka nayo.

Wakati unasubiri msaada, kula kwa saa, usingoje hamu. Punguza ukubwa wa sahani na uongeze tofauti ndani yake: kitu cha moto na kitu cha baridi, kitu laini na kitu cha kutafunika, ndimu au kiungo kikali kidogo. Hisia za mdomo mara nyingine huamka kabla ya hamu. Chakula bora pia kina nafasi yake katika matibabu. Jaribio la Felice Jacka na wenzake nchini Australia, lililochapishwa mwaka 2017, liliwahusisha watu 67 wenye sonona ambao ulaji wao ulikuwa duni; baada ya wiki 12, karibu asilimia 32 ya waliosaidiwa na mtaalamu wa lishe walikuwa wamepona dalili, dhidi ya asilimia 8 ya waliopewa mtu wa kuzungumza naye. Lilikuwa jaribio dogo na washiriki walijua wako kundi gani, kwa hiyo lisitumiwe kumwachisha mtu dawa. Ninachokipenda ni kwamba hawakupangiwa kupunguza uzito, na chakula kilichaguliwa kiwe kitamu na cha kushibisha.

Upande wa pili ni kupoteza udhibiti. Tangu mwaka 2013 mwongozo wa magonjwa ya akili unaotumiwa na madaktari wa Marekani unautambua ulaji wa kufakamia kuwa ugonjwa kamili: mtu hula chakula kingi mno kwa muda mfupi huku akihisi hawezi kuacha, walau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu, mara nyingi kwa haraka, kwa kujificha, mpaka tumbo liume, kisha hujichukia. Ukijiona hapo, acha zoezi la hatua ya tatu na utafute tiba. Tiba ya kisaikolojia kwa ugonjwa huu ipo na husaidia wengi. Kujitapisha, kutumia dawa za kuharisha ili kupunguza uzito, au kupungua uzito kwa kasi bila sababu ni mambo ya kuonwa na daktari bila kungoja.

Mweleze daktari dawa zote unazotumia. Mirtazapini, dawa mojawapo ya sonona, huongeza hamu ya kula kwa watu wengi, ilhali baadhi ya dawa nyingine za sonona huipunguza katika wiki za mwanzo. Uliza jambo hilo siku unapoandikiwa dawa, na likitokea usiache dawa ghafla. Rudi ubadilishiwe kipimo au aina.